Daraja

Mwenyekiti alisimama penye kona ya uwanja,
akakohoa, akasema, "Michezo na sanaa ni daraja."
Vijana wa Nianjema wakaziba vicheko kwa jezi:
timu yetu ilishuka daraja mwezi uliopita,
tano bila, na kipa kahamia Chalinze.

Mimi ni Mwanaheri Pazi, mpiga chokaa.
Mistari mnayoikanyaga ni kazi ya mkono wangu:
kamba, ndoo, kopo la maziwa lililotobolewa,
na mgongo.
Hakuna aliyewahi kuiita sanaa.
Mvua ikinyesha Jumanne, Jumatano naanza upya.

Basi wakamleta mchoraji kutoka Mali,
Bakary, mrefu, suruali ina rangi kuliko picha zake.
Mashindano ya Afrika yanakuja, walisema;
huenda timu ya ugenini ikafanyia mazoezi hapa,
ukuta wa mashariki usikutwe uchi.

Nikamwambia nina mjomba Bakari, muuza pweza.
Akacheka kabla ya kutafsiriwa.
Akaonyesha jua, akasema *waati*.
Nikaonyesha saa ya simu, nikasema *wakati*.
Tukanyamaza, kama watu wawili
walioiona khanga ya mama yao
kwenye kamba ya jirani.

Usiniulize maana ya jina la mji huu.
Kila mgeni huuliza, kisha huweka mkono kifuani.
Na yeye aliuliza.
Nikamjibu: moyo wangu nimeubwaga mara nyingi,
mara zote dakika ya tisini.

Siku tatu akamchora kipa,
mwanamke, mikono wazi, magoti yana vumbi la kweli:
alilichota hapa hapa akalichanganya na gundi.
Lakini watoto hawangoji rangi ikauke.
Ukuta ule, kabla haujawa picha,
ulikuwa goli.

Pu! Mpira wa matambara, begani.
Pu! Shavuni.
Bakary akashuka ngazi, akatupa brashi,
akafoka kwa lugha ya kwao,
na watoto wakaelewa kila neno.
Ila Masudi, wa miaka tisa, hakukimbia.
"Mwambieni," alisema, "kipa wake adake."

Binti wa chuo cha sanaa akatafsiri, sauti chini.
Bakary akautazama ukuta.
Madoa kumi na saba.
Akakaa juu ya ndoo yangu, akainamisha kichwa,
nikadhani analia.
Mabega yalipotikisika ndipo nikajua ni kicheko.

Asubuhi hakufuta hata doa moja.
Aliyazungushia mstari mwembamba:
hili likawa ngoma, lile sufuria la mama lishe,
jingine kisogo cha mtoto anayekimbia,
jingine akaliacha kuwa mpira, maana lilikuwa mpira.
Rangi yake nyeupe ilipokwisha nikampa chokaa.
Meno ya yule kipa ni yangu.
Andikeni hilo mahali.

Timu ya ugenini haikuja.
Walipangiwa uwanja mwingine, wenye nyasi.
Mwenyekiti alitoa taarifa bila kukohoa.

Siku ya safari Bakary alikata uwanja katikati,
begi begani, akaufikia mstari wangu ungali mbichi.
Akasimama.
Akauruka taratibu,
kama mtu anayeruka mtoto aliyelala,
ila kisigino cha kushoto kikagusa.
Akaenda zake stendi, nukta nyeupe, nukta nyeupe,
mpaka lami ikazimaliza.
Sijui chokaa iliyobaki iliangukia wapi,
Bamako, au sakafuni kwa mama yake.

Jumamosi refa akaniita:
"Bi Mwanaheri, mstari wa kati mbona umekatika?"
Nikamwambia hapo pana njia.
Akanitazama, akapuliza filimbi.

Mvua ya Jumanne iliufuta wote.
Jumatano nikaupiga upya,
na pengo lake.